Kilichokuwa Ngazini

"Diski haina miguu, shoga. Haiwezi kuingia kwako ikapotea njia ya kurudi. Nipe diski yangu!"

"Nimekwambia imekwaruzika."

"Nipe na mikwaruzo yake."

"Haichezi."

"Juzi ilicheza. Niliusikia muziki wake kupitia dari, nikajua umefika pale wakili anapofungua kabati. Leo imekwaruzwa na nani? Paka?"

Milango miwili mitatu ikafunguka, upana wa sikio. Jengo lile halikuhitaji gazeti. Habari zilipanda na kushuka ngazini zikiwa bado na mvuke, na aliyezikosa alijilaumu mwenyewe kwa kulala mchana. Siku hiyo hakuna aliyelala. Wanawake wawili waliogawana chumvi, kiberiti na misiba tangu ujana wao walikuwa wanazozana mbele ya kadamnasi, na sababu yenyewe ilikuwa filamu.

Aliyesimama chini, mkono kiunoni, ni mjane aliyeitwa Mkunga, kwa sababu nusu ya watu waliokuwa wakichungulia mlangoni walipokewa duniani kwa mikono yake. Aliyesimama juu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, ni mshonaji ambaye hata watoto walimwita Sindano. Alikuwa ameuegemea mlango wake kana kwamba nyuma yake kuna mgonjwa.

"Wageni wako waambie umeugua," Sindano akasema kwa sauti ya chini. "Waambie deki imekufa."

"Nijizulie maradhi kwa ajili yako? Jengo zima linakuja kwangu Jumapili. Nimeshaazima viti."

"Basi itazame peke yako kwanza. Funga mlango, itazame. Baada ya hapo ukitaka waite hata wafu."

"Kwa nini?"

Sindano akaitazama milango iliyofunguka. "Basi tu."

Hakuna jibu linalowasha moto kama "basi tu". Mkunga akapanda kidato kimoja. "Sema ni wivu. Ulishona magauni ya filamu nzima, na giza la mume wangu likayameza yote. Watu wanamkumbuka fundi taa, hawamkumbuki mwenye cherehani. Umekaa na kinyongo hicho mpaka mvi zimekuota."

Mtu mmoja nyuma ya mlango alivuta pumzi kwa raha.

"Giza la mumeo halipo tena," Sindano akajibu polepole. "Wameliondoa." Akaingia ndani, na komeo likasikika mpaka ghorofa ya chini.

Filamu yenyewe iliitwa Wakili wa Mvua, na ilipigwa wakati Mkunga na mumewe walikuwa bado vijana, mtoto wao wa pekee akiwa ameanza kuhesabu hadi mia. Ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, nyeusi zaidi. Wakili mwenye kofia pana anamzamisha kisimani yatima ili ajitwalie nyumba ya urithi. Mtazamaji hamwoni mtoto huyo hata mara moja, anasimuliwa tu. Lakini tangu hapo, kila mvua inaponyesha, kitu kinashuka ngazi. Si mtu, si kivuli cha mtu. Ni kipande cha giza kilichoachana na giza jingine, kinateremka taratibu kuelekea mlango wa wakili, na walioiona filamu hiyo kwenye majumba ya sinema walirudi makwao wakiwa wameshikana mikono.

Baadaye zikaja kanda. Mtu alinakili kanda, mwenzake akainakili ile nakala, na kila nakala ilizidisha weusi, mpaka ngazi zenyewe zikazama na kikabaki kitu kinachopumua katikati ya kioo. Hapo ndipo uvumi ulipopamba moto. Wakasema hicho hakikuwekwa na mtu. Wakasema fundi taa alinasa jini bila kujua, na mwenye kanda hiyo asiiache ndani ya deki akalala. Biashara ikanoga. Fundi Taa, mume wa Mkunga, alikuwa akiulizwa hata kwenye foleni ya kinyozi, naye alijibu kwa kupepesa jicho: "Mimi kazi yangu ni taa. Yaliyo gizani muulizeni giza."

Mkewe pekee ndiye aliyepewa siri, au ndivyo alivyoamini. "Ni kitambaa cheusi kwenye waya," alimwambia. "Naweza vipi kumweka mtoto wa mtu kwenye baridi ile?" Alimwambia hayo katika wiki zile ambazo Mkunga hakutaka kusikia habari ya yatima wala ya kisima, kwa sababu filamu ilipotoka walikuwa wametoka kumzika binti yao.

Yule mtoto waliyemwita Chiriku, kwa jinsi alivyoongea tangu kufumbua macho hadi kusinzia, aliondoka kwa homa ya mapafu. Mkunga wakati huo alikuwa zamu mfululizo kwenye wodi iliyojaa vichanga wanaokohoa, na hakuhitaji hakimu. Alijihukumu mwenyewe. Alikuwa amerudi nyumbani na kifo kwenye pindo la sare yake, akamkumbatia mwanawe kabla ya kunawa. Sare ile aliichoma. Aliomba ahamishwe wodi, akawapokea watoto wa watu maisha yake yote, na hakuna hata mmoja aliyembusu. Jengo lilidhani ni maringo ya wauguzi.

Mumewe alimpenda kwa upole uliozidi kiasi, upole wa mtu anayebeba sahani iliyopasuka. Na Mkunga, kidogo kidogo, akaipenda ile filamu. Aliona ajabu kwamba mtu aliyepoteza mtoto alikuwa ameacha gizani mtoto mwingine, wa kitambaa na taa. Fundi alipofariki, alibaki na kanda ile kama wengine wanavyobaki na picha ya harusi.

Kwa hiyo kampuni moja ilipotangaza kwamba imeipata filamu ya asili, ile iliyotoka kwenye kamera yenyewe, na kwamba imeisafisha na kuing'arisha picha moja baada ya nyingine na kuitoa kwenye diski, Mkunga alikuwa wa kwanza mtaani kuipata. Aliletewa na Kanda Mbili, muuza filamu wa pale chini, aliyepewa jina hilo enzi za kukodisha, alipozoea kukupa kasha la mapenzi lenye kanda ya karate. Jalada lilimwonyesha wakili na kofia yake, na juu yake maandishi mekundu: TAZAMA KILICHOKUWA NGAZINI. Sindano akaiazima. "Nione tu magauni yangu yametokaje," alisema. Siku ya pili alianza kumkwepa rafiki yake ngazini. Siku ya tatu ndiyo ile ya milango upana wa sikio.

Kanda Mbili, ambaye hakupenda kuona sherehe ikifa, akaleta diski nyingine kabla Jumapili haijafika. "Na hii ndiyo yenyewe, Bi Mkunga. Nimeifungua nikahakikisha."

"Usije ukaniletea karate."

"Ah! Dhambi za ujana hizo."

Jumapili mchana, blanketi likatundikwa dirishani, na sebule ikajaa mpaka watu wakakaa kwenye mikono ya makochi. Mkunga alipenda nyumba iliyojaa. Ndani yake alijiona ana watu. Alipita na sahani, akimtania huyu kwa upara na yule kwa mimba, akimwagiza kila aliyechelewa akae chini, "mimi ndiye niliyekukata kitovu, hutaniziba." Jina la Sindano halikutajwa, ingawa macho yalipanda darini kila baada ya muda, mahali ambapo cherehani ilikuwa kimya.

Filamu ikaanza, na watu wakaguna. Ilikuwa kama mtu amefuta vumbi la miaka kwenye dirisha. Nyuzi za koti la wakili zilionekana. Matone ya mvua yalihesabika. Mkunga aliona vitu ambavyo hakuwahi kuviona: saa ya ukutani, picha ya meli, ufa kwenye kikombe. Alijisikia fahari, kisha kidogo akajisikia vibaya, kama mtu anayemwona mumewe kavuliwa shati mbele za watu.

"Sasa tulieni," akasema mvua ilipoanza kugonga madirisha ya wakili. "Hapa hamtaona kitu. Mtahisi tu."

Wakaona.

Ngazi zilikuwepo, zote, hadi juu. Zilikuwa za mbao nyembamba zilizolowa maji, na juu yake alishuka mtoto. Kanzu nyeusi yenye kofia ilimfunika hadi magotini, lakini miguu ilikuwa mitupu na iling'aa kwa maji, na wa kushoto ulikuwa umegeukia ndani kidogo. Alishuka akipiga ukingo wa ngazi kwa kiganja kila kidato, kama watoto wanavyofanya, kama mtoto mmoja alivyofanya kwenye kila ngazi aliyokutana nayo. Alipokaribia chini aliinua uso, akatazama pembeni mwa kamera, na kutabasamu. Jino la mbele halikuwepo. Midomo ikacheza, ikasema kitu ambacho muziki ulikifunika.

Sebule ikalipuka.

"Kumbe katoto!"

"Jini gani hilo lenye pengo?"

"Na mimi hilo ndilo lililoninyima usingizi utoto wangu wote! Loo! Nirudishieni usingizi wangu!"

Walicheka mpaka machozi. Kanda Mbili alicheka zaidi, akirudisha nyuma ili waone tena, na mtoto akapanda ngazi kinyumenyume, akashuka, akatabasamu, akasema lile neno lisilosikika. Mkunga alikuwa amesimama nyuma ya kochi na sinia mkononi. Jino lile alilivuta yeye mwenyewe kwa uzi, asubuhi, kabla ya kwenda zamu ndefu ya mwisho. Aliporudi kutoka zamu hiyo, pengo lilikuwa kitandani, linatetemeka kwa homa.

Hakuanguka. Watu huanguka kwenye filamu. Mwenye nyumba anasimama, anaona sahani ya nani imeisha, anaongeza. Mtu alipomgeukia kumuuliza, "Bi Mkunga, hukutuambia kama mzee alitumia mtoto!", alisikia kinywa chake mwenyewe kikijibu, "Alijua kuficha," na wakacheka tena, naye akacheka nao. Kicheko kile kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki na kikakaa hapo hadi wakili alipokamatwa, hadi maneno ya mwisho yalipopanda, hadi wa mwisho aliporudisha kiti chake.

Kanda Mbili alichelewa mlangoni. "Sasa umeona? Mzee wako atajulikana dunia nzima kwa diski hii."

"Ameshajulikana," akasema Mkunga.

Alibaki na sebule yenye harufu ya watu. Alitoa blanketi dirishani, mwanga wa alasiri ukaingia na kukuta vikombe kila mahali. Alichukua kimoja akakiweka pale pale. Ndani ya kichwa chake miaka ilikuwa ikijipanga upya, mmoja mmoja, na kila mmoja ulikuwa na uso mwingine. Upole wa mumewe. Alivyokataa kuitazama filamu nyumbani, akisema mpishi hali alichopika. Siku mumewe alipomkuta akichoma sare uani, akasimama, akatazama moto, akamwachia uwake.

Alipoinua macho, Sindano alikuwa mlangoni. Hakuwa amegonga wala kuvuka kizingiti. Alisimama pale akiwa na ile diski ya kwanza mkononi, safi, haina mkwaruzo hata mmoja.

"Niliwasikia wakicheka," akasema.

"Kanzu ulishona wewe."

"Nilishona mimi."

"Ulipima mabega yake."

"Nilipima. Aliongea muda wote, nikakosea mara mbili."

Mkunga akaketi, polepole, kama mtu anayejaribu kiti asichokiamini. "Haya. Sema."

Sindano akasema akiwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Ngazi zile, alieleza, seremala alizitengeneza kwa mbao za makasha, za kubeba mtoto tu. Mtu mzima angezivunja. Mtoto aliyekodishwa alipoona zile hose za maji zinamwaga mvua, alilia hadi akatapika, mama yake akamchukua akaondoka. Mwongozaji akapiga kelele kwamba kesho hakuna studio. Fundi Taa alikuwa amemleta Chiriku siku hiyo kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia.

"Hakumlazimisha, shoga. Mtoto ndiye aliyejitolea. Alimvuta shati baba yake, 'mimi siogopi maji'. Shemeji akaniambia, atakuwa gizani, hakuna atakayemwona, giza nitalifunga mwenyewe. Wakarudia mara nyingi. Kila wakimaliza, mimi ndiye niliyemfunga taulo. Alikuwa anatetemeka na anacheka. Anataka tena."

"Alisema nini pale chini?"

Sindano hakuelewa kwanza.

"Anapoinua uso. Midomo inacheza. Anasema nini?"

"Alikuwa anamuuliza baba yake." Sindano akaishika futi ya shingoni. "'Mama atajua ni mimi?' Kila mara alimuuliza hivyo hivyo. Na baba yake akamjibu, hatajua, ndio raha yenyewe, tutampeleka sinema tumuulize kama amekuona. Walipanga kukushtua. Filamu itoke, mkae watatu pale, wewe uogope, halafu yeye akunong'oneze sikioni."

Nje mtu alipita ngazini akipiga mluzi, akapunguza mwendo karibu na mlango, akaona nyuso zilizokuwemo, akaenda zake. Hata umbeya una siku zake za adabu.

"Mimi ni mkunga," akasema Mkunga hatimaye. "Najua maji pekee hayaui mapafu. Wodi ilikuwa na wagonjwa, ni kweli. Labda ni wodi. Labda ni zile hose zenu. Labda ni vyote viwili, labda hakuna." Alikuwa akiongea na vidole vyake. "Lakini mimi hamkuniachia labda. Mlichukua labda zote mkagawana nyie wawili, mkaniachia sare."

"Alinisihi nisiseme. Alisema atasema yeye, siku ukipata nguvu."

"Na nilipopata nguvu?"

"Akasema umeshatulia. Kwa nini tukutibue."

"Nimetulia!" Mkunga akacheka kicheko ambacho mchana kutwa kilikuwa kimekataa kushuka. "Nimewapokea watoto wa jengo hili lote, hakuna hata mmoja niliyembusu. Wewe mwenyewe nilimpokea mwanao. Ulinitazama nikimfunga kitambaa kwa ncha za vidole kama nafunga bomu. Ulijua kwa nini. Ukaniambia asante."

Sindano akainamisha kichwa. Hakulia, na Mkunga alishukuru kwa hilo. Machozi ya mtu mwingine saa hiyo angeyatupa nje kwa ndoo.

Mkunga alimtafuta mumewe moyoni ili amtukane, akamkuta mbali, mtu mdogo mwenye taa mkononi, amesimama mahali pasipo na mwanga, akisubiri apate ujasiri. Hakumwonea huruma. Alitaka tu kumwambia kwamba lile giza alilolifunga kwa ufundi wake wote, vijana wa kampuni ya diski wasiomjua wamelifungua ofisini, wakinyoosha shingo na kunywa chai, na hawakujua wamefungua nini.

Kisha akafikiri juu ya mtoto, na hapo ndipo alipokwama. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na Chiriku mmoja tu, yule wa kitandani, anayevuta pumzi kwa kelele. Huyo mwingine, mwenye miguu iliyolowa, anayevuta shati la baba yake, anayetaka tena, hakupata kukutana naye. Na mtu pekee aliyebaki duniani aliyemfahamu alikuwa amesimama mlangoni kwake na futi ya kupimia shingoni.

"Umekula?" akauliza.

Sindano akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu niitazame."

Mkunga akainuka. Alikwenda jikoni, na kelele za vyombo zikasikika, kubwa kuliko ilivyohitajika. Aliporudi alikuwa na sahani mbili. Akaziweka mezani, akasogeza vikombe vya wageni kwa kiwiko.

"Sijakusamehe. Usije ukadhani."

"Sidhani."

"Inawezekana nisikusamehe kabisa."

"Najua."

"Ila watu wote waliojaa humu leo, wamekula, wamecheka, wameondoka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia sauti yake." Akavuta kiti cha pili, akakielekeza mlangoni. "Ingia ndani, ule. Halafu anza tangu alipofika studio. Alikuwa amevaa nini?"